Kahawa ya Krimu na Kikombe cha Chai cha Nkoma

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Nkoma kumjulia hali mama yangu. Tulipokuwa watoto, Nkoma ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tumo katika Mkoa wa Simiyu. Ng'ombe ni walewale, pamba ni ileile, na mama ni yuleyule, isipokuwa sasa ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu. Amebeba magonjwa hayo mawili kwa miaka tisa.

Siku hiyo alikuwapo pia mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anafanya kazi katika hoteli moja jijini Mwanza yenye mashine ya kahawa ya Kiitaliano. Alikuja na kopo la kahawa ya unga pamoja na pakiti ya ule unga wa krimu ambao wapishi wa keki huupiga hadi ukaumuka. Alitaka kumwonjesha bibi yake kinywaji wanachowauzia wageni kule mjini: kahawa nyeusi nzito katika kikombe kidogo, na juu yake kilima cheupe cha krimu. Alipokwisha kukitengeneza, akanigeukia.

"Mjomba, bibi anaruhusiwa?"

Kabla sijajibu, mama alijibu mwenyewe. "Kliniki wamenikataza kahawa. Mimi natumia chai yangu tu."

Chai yake ililetwa katika kikombe kikubwa cha bati, nusu maziwa nusu maji, na mbele ya macho yangu akatia vijiko vinne vya sukari. Nilipomuuliza hunywa vikombe vingapi kwa siku, akasema vitatu, na mgeni akija huongeza. Niliomba kadi yake ya kliniki. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu: aache kahawa, apunguze chumvi. Kuhusu chai hapakuwa na neno.

Naandika makala haya kwa sababu ya kadi ile. Aliyeiandika simlaumu peke yake, kwani nami nimeandika kadi za namna hiyo. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, nilimhudumia mzee mmoja mwenye asili ya Kagera aliyekuwa na kisukari, na ambaye alikunywa kahawa chungu asubuhi na jioni tangu ujana wake. Nilimwambia aache. Alikuwa mgonjwa mtiifu, akaacha. Aliporudi baada ya miezi mitatu sukari yake ilikuwa juu kuliko mwanzo. Nilimuuliza mambo mengi, na mwisho nikamuuliza siku hizi anakunywa nini anapokaa na wenzake barazani. Akaniambia kwa unyenyekevu, "Soda, daktari. Kahawa si ulinikataza?" Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hadi 40. Kahawa yake chungu haikuwa na hata gramu moja.

Basi tukitazame kwa haki kikombe cha mpwa wangu. Waitaliano hukiita espreso yenye krimu, na jina lake kwao, con panna, halimaanishi zaidi ya hayo. Mashine inayosukuma maji ya moto kwa nguvu ndani ya kahawa iliyosagwa ina historia ndefu: Angelo Moriondo alisajili uvumbuzi wake mjini Torino mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milano akasajili wake mwaka 1901, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia Achille Gaggia akaleta mashine ya mgandamizo mkubwa, inayotoa kahawa yenye povu la rangi ya dhahabu juu yake. Torino wana pia kinywaji chao kiitwacho bicerin, ambamo kahawa, chokoleti na krimu hupangwa kwa tabaka ndani ya bilauri. Ni vinywaji vya kunywa kidogo, mara nyingi kwa kusimama, kisha mtu akaenda zake.

Sisi si wageni wa desturi hiyo. Muuza kahawa wa Kariakoo au wa Mji Mkongwe, mwenye birika juu ya mkaa na vikombe visivyo na mkono, anauza kitu kinachofanana na espreso kuliko kinavyofanana na kahawa ya maji mengi ya Marekani: kidogo, kichungu, cha moto, na kashata pembeni kwa anayependa. Wahaya walitafuna buni zilizochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, wakamkaribisha mgeni kwazo, muda mrefu kabla ya Bezzera kuzaliwa. Zaidi ya hayo, kahawa ya robusta inayolimwa Kagera na Uganda ni ya aina ileile ambayo wachomaji wa Italia huichanganya katika espreso yao ili ipate uzito na povu, na Italia imekuwa kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda. Huenda, basi, kikombe ambacho mgeni anakilipia bei kubwa mjini Milano kilianza safari yake upande wa pili wa ziwa letu.

Na krimu? Hapa mtoto wa Nkoma hahitaji kufundishwa. Bibi zetu walisukasuka maziwa katika kibuyu hadi siagi ikajitenga, kisha wakaichemsha kuwa samli. Krimu inayopigwa ni safari hiyohiyo iliyokatishwa njiani. Maziwa yakitulia, mafuta hupanda juu. Mafuta hayo yakipigwa yakiwa ya baridi, chembe zake hushikana na kufungia hewa ndani, nayo krimu ikaumuka. Ukiendelea kuipiga, hewa hutoka, maji hujitenga, na umefika kwenye siagi. Mpwa wangu alicheka sana nilipomwambia kwamba bibi yake angekuwa fundi mkuu katika hoteli yao iwapo tu angejua kuacha mapema.

Sasa hesabu. Espreso moja ni takribani mililita 30, nayo ina kafeini ya miligramu 60 hivi. Ikiwa ni robusta tupu inaweza kuwa zaidi sana, kwa kuwa robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Nishati yake ni ndogo mno, haifai kuhesabiwa. Vijiko viwili vikubwa vya krimu halisi kabla ya kupigwa vina kilokalori 100 hivi, karibu zote zikitokana na mafuta, na gramu 7 kati ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ile inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 22 hivi kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Kikombe kimoja, basi, kimekula theluthi ya posho ya siku. Si kidogo, lakini sukari yake, kama hakuna aliyeongeza, ni karibu na sifuri.

Kikombe cha bati cha mama kina vijiko vinne. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, na sijawahi kuona mtu wa Nkoma akisawazisha kijiko. Tuseme hata hivyo kwamba anasawazisha: vikombe vitatu vinampa gramu 48 kwa siku. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni gramu 25 hivi, au vijiko sita. Pendekezo hilo ni la watu wote, hata wenye afya. Mama, mwenye kisukari, alikuwa akilizidi karibu mara mbili, huku akiamini kwa dhati kwamba hatumii sukari. Ukimuuliza mgonjwa wa kwetu "unatumia sukari?" atakujibu kuhusu sukari anayoilamba. Ya kwenye chai ni chai.

Gramu 48 ni karibu sawa na sukari iliyomo katika ile bilauri kubwa ya kahawa baridi yenye sharubati na krimu inayouzwa katika migahawa ya miji mikubwa, ile ambayo sisi madaktari tunaitaja katika mihadhara yetu kama mfano wa maovu ya maisha ya kisasa. Bilauri hiyo ni ya kuonekana. Ina bei kubwa, ina picha ukutani, na kijana anayeinunua anajua kwamba anajistarehesha. Kikombe cha bati hakionekani, kwa sababu ni cha kila siku, ni cha heshima, na kumnyima mgeni sukari ni aibu ya nyumba nzima. Ndiyo maana nasema wazi kwamba vita tunayopigana dhidi ya kahawa katika kliniki zetu za kisukari tumeipeleka mahali pasipo na adui.

Ushahidi kuhusu kahawa yenyewe ni mwingi. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanywaji wa kahawa hupata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa, na hali ni hiyohiyo hata kwa kahawa iliyoondolewa kafeini. Hilo halithibitishi kwamba kahawa ni dawa, wala simwambii mtu asiyekunywa aanze leo. Linatuondolea tu sababu ya kuikataza kwa wino mwekundu.

Kwa shinikizo la damu nitakuwa mwangalifu zaidi. Kafeini ya miligramu 200 hadi 300 ikinywewa kwa mkupuo humpandisha mwenye shinikizo la juu kwa takribani vizio 8 juu na 6 chini, kwa muda wa saa tatu hivi. Kwa anayekunywa kila siku mwili huzoea, na athari hiyo hupungua. Kwa hiyo wahudumu wenzangu tusipime shinikizo la mtu aliyetoka kunywa kahawa. Tumwache angalau nusu saa, ameketi. Nimeona dozi ikiongezwa kwa sababu ya kikombe kilichonywewa nje ya geti la kliniki. Lakini mgonjwa ambaye shinikizo lake limefika 160 kwa 100 au zaidi ni habari nyingine. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa kiwango hicho, waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha mara mbili ya wasiokunywa; kikombe kimoja hakikuonyesha hatari hiyo. Huyo nitamwambia apunguze hadi dawa zimshushe, na nitamweleza kwa nini.

Lehemu nayo ina neno lake. Ndani ya mafuta ya buni kuna viambata vinavyopandisha lehemu. Karatasi ya kuchujia huvikamata, lakini kahawa inayochemshwa ndani ya birika huviacha vipite, na espreso iko katikati. Mgonjwa mwenye lehemu nyingi anayekunywa vikombe vitano vya kahawa ya birika kwa siku anastahili kuulizwa anachujaje.

Na hapa narudi kwenye pakiti ya mpwa wangu, kwa sababu ndiyo iliyonitia shaka kuliko kahawa. Niliisoma. Unga ule haukuwa krimu ya ng'ombe hata kidogo: ulikuwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, sukari, na vitu vya kuushikanisha. Bidhaa nyingi za jina hilo madukani mwetu ziko hivyo. Katika baadhi ya mafuta yaliyogandishwa nusu hujitokeza mafuta ya aina mbaya kuliko zote kwa mishipa ya moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliwaomba watunga sera duniani kote wayaondoe katika chakula. Ajabu ni kwamba tulikuwa tumekaa mita chache kutoka zizini, tukichanganya unga wa pakiti ili tupate kitu ambacho zizi lile hutoa kila asubuhi.

Hata hivyo zizi nalo lina masharti. Krimu au malai ya maziwa mabichi inaweza kubeba vimelea vya homa ya kutupa mimba na vya kifua kikuu cha ng'ombe, magonjwa tunayoyafahamu vyema katika mikoa ya wafugaji. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo utandu uondolewe. Krimu isilale mezani. Pasipo jokofu, itumike palepale au isitumike.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani lina uzito mkubwa kuliko yote kwa wanawake wa Simiyu, nalo ni saa ya kunywa. Mjamzito anapewa kliniki vidonge vya madini ya chuma, anarudi nyumbani, anavimeza kwa chai ya maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulipima jambo hili kwa makini: kahawa iliyonywewa pamoja na mlo wa nyama ilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikudhuru, lakini iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilidhuru vilevile kama iliyonywewa pamoja nao. Wodini tunamhesabu mama huyo kuwa ametumia dawa, na damu yake inabaki chini. Ameze kwa maji, na chai au kahawa ikae mbali na kidonge kwa saa mbili hivi. Tena mjamzito asizidishe kafeini: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka miligramu 200 kwa siku, kwa kuwa mwili wake huiondoa kafeini polepole sana kuelekea miezi ya mwisho. Espreso moja haimpeleki huko. Vikombe vinne vya robusta huenda vikampeleka.

Wanaotumia levothairoksini kwa tatizo la tezi ya shingo wasiimeze kwa kahawa. Ni madaktari wa Italia, wanaoijua espreso kuliko wengi wetu, walioandika mwaka 2008 kuhusu wagonjwa ambao dawa hiyo haikuwafanya kazi kwa sababu waliimeza kwa espreso ya asubuhi. Na anayetumia siprofloksasini akinywa kahawa ya maziwa hujitafutia matatizo mawili kwa mpigo: maziwa huizuia dawa isifyonzwe vizuri, nayo dawa huizuia kafeini isitoke mwilini, mtu akakesha moyo ukimdunda na kudhani ni ugonjwa.

Mwisho ni joto. Mwaka 2016 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani aliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, na wakati huohuo akasema kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, huenda vinaleta saratani ya umio. Sisi tunaishi katika ukanda wa Afrika ambamo saratani hiyo ni nyingi kupita kiasi. Krimu baridi juu ya kahawa, kwa bahati, huipoza. Chai ya Nkoma hunywewa ikiwa inatoa moshi, na anayeipuliza huonekana mdekaji.

Nilimjibu mpwa wangu hivi: bibi anaruhusiwa kahawa, kikombe kimoja kidogo asubuhi, bila sukari, mradi shinikizo lake limetulia, krimu ya pakiti hapana, malai ya ng'ombe wake mwenyewe, kijiko kimoja, si kila siku. Kuhusu chai tulijadiliana kwa muda mrefu zaidi. Mama hakukubali kuondoa sukari yote, nami sikumlazimisha, kwani nilimkumbuka mzee wangu wa Kagera na utiifu wake. Tulikubaliana kijiko kimoja kwa kikombe, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa mwezi wa kwanza. Kisha nikaenda kliniki yake na kumwomba muuguzi wa zamu, kwa heshima yote, tuuandike upya ule mstari wa wino mwekundu. Aliniuliza tuandike nini badala yake. Tuliandika maswali matatu ya kumuuliza kila mgonjwa anapofika: jana ulikunywa nini tangu ulipoamka, ulitia vijiko vingapi, na vidonge ulivimeza kwa kitu gani. Muuguzi akasema maswali hayo yatachukua dakika mbili kwa kila mgonjwa, na siku ya kliniki wagonjwa hupanga foleni hadi chini ya mwembe. Ana haki. Dakika hizo mbili lazima mtu azitafute, na katika kliniki nyingi za vijijini mtu huyo ni mmoja tu.

Mama alionja kahawa yake ya kwanza isiyo na sukari siku ya pili asubuhi, na utandu wa maziwa ukielea juu. Alikunja uso. "Wazungu wanalipia hiki?" Mpwa wangu akamtajia bei ya hotelini. Mama akakitazama kikombe upya, akanywa hadi kikaisha.